Waimbaji wa Mama Wamezeeka

Mama yangu anapenda muziki wa roki, na anaupenda kwa namna ya mtu anayejua anachokisikiliza. Haishii kusema kwamba wimbo fulani ni mzuri. Atakuambia nani alipiga gitaa la besi, mpiga dramu aliingia baada ya mstari upi, na kwa nini wimbo ule ulioimbwa jukwaani unaushinda ule uliorekodiwa studio. Santuri zake nyingi ni za mwishoni mwa miaka ya 1960 na za miaka ya 1970: Rolling Stones, The Who, Joni Mitchell, Leonard Cohen, Black Sabbath, na Genesis ya enzi zile ambapo Phil Collins alikuwa bado mpiga dramu tu, hajawa mwimbaji mkuu. Sijawahi kumwona akiweka muziki huo ili umsindikize katika shughuli nyingine. Huketi, husikiliza upande mmoja wa santuri hadi mwisho, kisha huinuka na kugeuza.

Mimi nilizirithi nyimbo hizo zikiwa tayari zimekaa duniani miaka mingi. Majalada ya santuri yalinionyesha vijana wembamba wenye nywele za kufika mabegani, ilhali watu walewale nilipowaona kwenye televisheni walikuwa na makunyanzi usoni na miwani ya kusomea. Kwa hiyo tangu utotoni nilikuwa na nyuso mbili za kila mwimbaji, na sikuona ajabu kwamba zote ni zake. Mama mwenyewe ni wa rika lao, mdogo kwao kwa miaka michache, na ndiyo maana kuwatazama wao wakizeeka na kumtazama yeye akizeeka yamekuwa kwangu jambo moja. Ninaamini kwamba mwanamuziki wa roki aliyezeeka ana kitu cha kutupa ambacho hakuwa nacho alipokuwa kijana, na kwamba wengi wetu tunakikosa kwa sababu tunakwenda kumsikiliza huku sauti yake ya zamani ikiwa bado imetujaa masikioni.

Roki ilikuja na ahadi ya ujana, na ahadi hiyo imewatesa waliodumu. Mwaka 1965 Pete Townshend wa The Who, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika wimbo ambao ndani yake kijana anatamani afe kabla hajawa mzee. Muda si mrefu maneno yale yakaanza kusikika kama utabiri: Jimi Hendrix na Janis Joplin walifariki mwaka 1970, Jim Morrison akafuata mwaka 1971, wote wakiwa na miaka 27. Keith Moon, aliyepiga dramu katika wimbo uleule wa Townshend, alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 32. Vifo hivyo viliacha nyuma yake dhana mbaya, kwamba aliyeondoka mapema alibaki mkweli kwa muziki wake na aliyebaki hai aliusaliti. Townshend ametimiza miaka 80 mwaka 2025. Masikio yake yaliharibiwa zamani na ukubwa wa sauti za majukwaani, jambo ambalo amelizungumza hadharani kwa miaka mingi ili kuwaonya wengine, na mwaka huo wa 2025 yeye na Roger Daltrey, wawili pekee waliosalia katika wanne wa mwanzo, walizunguka Marekani katika ziara ya kuaga. Sioni kosa lolote katika mtu kuandika neno la kijana akiwa kijana, kisha akaishi kulizidi.

Mama anapowasikia watu wakiwacheka wazee hawa, jibu lake ni bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi. Roki ilitoka huko, na huko uzee haukuwahi kuwa aibu. Rolling Stones walichukua jina lao kutoka kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Mississippi John Hurt alirekodi nyimbo zake mwaka 1928, akasahaulika, akaendelea na kazi za shambani, mpaka mwaka 1963 wapenzi wa muziki walipomtafuta na kumkuta bado yuko hai na vidole vyake bado vinajua njia. Mwaka huohuo alipanda jukwaa la tamasha la Newport akiwa na umri wa miaka 70 hivi, na vijana waliokuwa wakimsikiliza hawakuona kwamba amechelewa. B.B. King aliendelea kufanya maonyesho hadi mwaka 2014, kwa miaka mingi ya mwisho akiwa ameketi kitini, na alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 89. “Walifundishwa na wazee,” mama husema kuhusu bendi zake za Uingereza, “halafu wakaambiwa wao wasizeeke.” Hilo ndilo lililonifanya nianze kuwasikiliza upya.

Ni vyema kwanza kujua mwili unafanya nini. Nyuzi za sauti zilizomo ndani ya zoloto ni mikunjo ya misuli iliyofunikwa na utando laini, na kadiri miaka inavyosonga misuli hiyo hukonda, utando hukauka, na gegedu zinazoishikilia hukakamaa. Mapafu nayo hayavuti hewa kama zamani. Matokeo yake ni kwamba noti za juu zinakuwa ngumu kufikiwa, sauti hutetemeka pale ambapo zamani ilisimama imara, na mstari uliokuwa ukiimbwa kwa pumzi moja sasa unahitaji mbili. Wanamuziki wana njia zao za kukabiliana na hali hiyo. Bendi hushusha kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo wote unapigwa, wakati mwingine kwa nusu noti na wakati mwingine zaidi, gitaa zikilegezwa nyuzi ili zilingane; waitikiaji hukabidhiwa sehemu ya juu ya kiitikio; mwimbaji hubadilisha mwelekeo wa tuni na kukwepa kilele. Elton John alianza safari hiyo mapema, kwani baada ya kufanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1987 sauti yake ilishuka na kuwa nzito, na alilazimika kuimba nyimbo zake za miaka ya 1970 kwa namna nyingine. Wapo wanaoziona njia hizi kuwa hila za kuficha udhaifu. Kwangu mimi huo ni muziki kamili, kwa sababu kila kinapoondolewa kitu mtu analazimika kuchagua, na katika kuchagua ndipo tunapomsikia.

Mfano ulionishawishi kuliko yote ni wa Joni Mitchell, na mama ndiye aliyenielekeza. Joni aliandika Both Sides Now mwaka 1967, akiwa na miaka 23. Ni wimbo wa mtu anayetazama mawingu, kisha mapenzi, kisha maisha yenyewe, na kila mara anakiri kwamba ameyaona kutoka pande mbili na bado hayajui. Aliurekodi mwenyewe katika albamu yake ya mwaka 1969, kwa gitaa moja na sauti ya juu, nyepesi, inayopanda bila jitihada yoyote. Ni rekodi nzuri. Lakini ukiisikiliza kwa makini utagundua kwamba msichana yule anayazungumzia maisha kama mtu anayeona nchi kutoka kwenye dirisha la ndege; maneno yote ni sahihi na hakuna hata moja lililomgharimu.

Mwaka 2000, akiwa na miaka 56, aliurekodi tena akiwa na okestra kubwa iliyoandaliwa na Vince Mendoza. Alikuwa amevuta sigara tangu utotoni na sauti yake ilikuwa imeshuka sana, ikawa nzito, yenye mkwaruzo. Wimbo unakwenda polepole kiasi kwamba katika baadhi ya mistari unadhani hatamalizia. Anachelewa nyuma ya ala, anaacha neno lining’inie, halafu analiweka chini kwa sauti ya mtu ambaye hana haja tena ya kumshawishi yeyote. Beti ya mapenzi, ambayo mwaka 1969 ilipita kwa wepesi kama zile nyingine, hapa ndiyo inayoumiza zaidi.

Kisha ikaja Julai 2022. Joni alikuwa na miaka 78, na miaka saba kabla yake mshipa wa damu ulikuwa umevuja ubongoni mwake, akalazimika kujifunza upya mambo ambayo mtu mzima hategemei kuyajifunza, ikiwemo kupiga gitaa, akitazama video zake za zamani ili aone vidole vyake vilikuwa vinakaa wapi. Alitokea bila kutangazwa katika tamasha la Newport, ameketi kwenye kiti kikubwa, mwimbaji Brandi Carlile akiwa pembeni yake, na akauimba wimbo ule. Nilitazama na mama. Sauti ni ya chini zaidi kuliko ya mwaka 2000, na mwanzoni ni kama mtu anayepima sakafu kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Ukifika ubeti wa mwisho, ule wa maisha, mwimbaji Wynonna Judd aliyeketi nyuma yake anaonekana akilia. Mama hakulia. Aliomba niirudishe video nyuma, akataka kusikia mahali Joni alipovuta pumzi, kwa kuwa alikuwa amehisi kwamba pumzi ile iliwekwa kabla ya neno ambalo mwaka 1969 liliimbwa bila kituo. Tulisikiliza sehemu hiyo mara kadhaa. Pumzi ilikuwepo kweli, nayo iliufanya mstari usimame na kutafakari, jambo ambalo sauti changa isiyohitaji kupumua hapo isingelifanya.

Kwa hiyo wimbo ulioandikwa na msichana wa miaka 23 ulimsubiri mwandishi wake kwa zaidi ya nusu karne. Johnny Cash, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, alifanya jambo linalofanana na hilo kwa wimbo usio wake. Mwaka 2002, afya yake ikiwa imedhoofika sana, alirekodi wimbo ambao Trent Reznor aliutoa mwaka 1994 akiwa bado hajafika miaka 30, na kwa sauti yake iliyopasuka majuto ya kijana yakawa hesabu ya mzee. Reznor mwenyewe alisema baadaye kwamba wimbo ule haukuwa wake tena. Cash alifariki Septemba 2003 akiwa na miaka 71. David Bowie naye alitoa albamu yake ya mwisho siku alipotimiza miaka 69, tarehe 8 Januari 2016, akafariki siku mbili baadaye.

Katika habari ya Leonard Cohen mimi na mama tunakubaliana kabisa. Alirudi jukwaani mwaka 2008 akiwa na miaka 73, baada ya miaka 15 bila ziara, na sababu mojawapo ni kwamba akiba yake ya uzeeni ilikuwa imeyeyuka mikononi mwa mtu aliyemwamini. Angeweza kuimba kwa saa moja, akachukua fedha zake na kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliimba kwa takribani saa tatu kila usiku, akivua kofia kila mara mpiga ala mwenzake alipomaliza sehemu yake, akipiga magoti kwenye zulia, na aliendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka 2013. Sauti yake haikuwahi kuwa kubwa, kwa hiyo uzee haukumnyang’anya alichokuwa akikitegemea. Alitegemea maneno, na maneno hayahitaji koo la kijana.

Tunapotofautiana ni kwa Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Mimi napenda wale walioketi. Mama anampenda yule anayekimbia. Jagger alizaliwa Julai 1943. Mwaka 2019 alifanyiwa matibabu ya vali ya moyo mwezi Aprili, na Juni alikuwa tayari jukwaani Chicago. Mwaka 2023 bendi ilitoa albamu ya nyimbo zake yenyewe kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikazunguka Amerika Kaskazini, Jagger akiwa na miaka 80, chini ya udhamini wa shirika la Marekani linalohudumia watu wa miaka 50 na kuendelea. Nilipomwambia mama kwamba mtu wa umri huo hana haja ya kukimbia kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, alinitazama kwa muda. “Mwanangu,” alisema, “wewe unataka azeeke kwa namna inayokupendeza wewe.” Aliendelea kusema kwamba wazee wametulizwa vya kutosha na watu wanaowatakia mema, na kwamba anapomwona mtu aliyemzidi umri akirukaruka mbele ya umati hatafuti hekima yoyote pale, anaona tu kwamba inawezekana. Sijabadilisha mawazo yangu kuhusu Jagger kama mwimbaji. Hata hivyo, tangu siku hiyo nimeacha kumwambia mama apumzike kila ninapomwona akifanya kazi.

Na katika bendi hiyo, mama alimpenda zaidi mpiga dramu, Charlie Watts. Alinifundisha kumtazama nikiwa mdogo, akaninyooshea kidole mkono wake wa kulia. Wapiga dramu wengi hupiga hihati, yaani jozi ya matoazi, mfululizo bila kukatiza, lakini Watts, kila alipopiga ngoma ndogo kwa mkono wa kushoto, aliuinua mkono wa kulia na kuuacha hewani, hihati ikanyamaza kwa muda mfupi huo, ili pigo la ngoma lisikike peke yake. Ukishaliona hilo huwezi tena kutoliona. Watts alifariki Agosti 2021 akiwa na miaka 80, na Steve Jordan akachukua kiti chake. Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi hiyo, ambaye vidole vyake vina yabisi ya viungo, amesema kwamba ugonjwa huo umemlazimisha atafute namna nyingine za kupiga, na maelezo yake hayakuwa ya manung’uniko.

Siku hizi masikio ya mama hayazipati vizuri sauti nyembamba. Ndivyo uzee unavyoanza kwa watu wengi. Zile za juu hutangulia kuondoka, na matoazi ni miongoni mwake. Anasikia besi, anasikia ngoma kubwa, anasikia sauti ya mtu, ila hihati imekuwa kitu anachokikumbuka zaidi kuliko anavyokisikia. Tunapotazama maonyesho ya zamani ya Rolling Stones huutazama mkono wa Watts, na mkono unapoinuka yeye huinua kidole chake sambamba nao bila kukosea hata mara moja. Niliwahi kumuuliza kama inamsikitisha. Alisema ndiyo, inamsikitisha, kisha akaniomba niongeze sauti.

Ninapowafikiria watoto wa wanamuziki hawa, naona kwamba wamefanya kwa ukubwa kile ambacho wengi wetu tunakifanya nyumbani. Albamu ya mwisho ambayo Leonard Cohen aliishuhudia ikitoka, mwezi Oktoba 2016, wiki chache kabla ya kifo chake, alirekodi sauti yake nyumbani Los Angeles akiwa ameketi kwenye kiti maalumu kwa sababu mgongo ulikuwa haumruhusu kusimama, na aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mwanawe Adam. Phil Collins aliumia uti wa mgongo, mishipa ya fahamu ikadhoofika hadi mikono yake ikashindwa kushika vijiti vya dramu. Katika onyesho la mwisho la Genesis, London, tarehe 26 Machi 2022, aliimba akiwa ameketi, na aliyekaa kwenye dramu nyuma yake, akipiga sehemu ambazo baba yake alizibuni, alikuwa mwanawe Nic, kijana wa miaka 20. Mama anazijua sehemu hizo pigo kwa pigo. Alisema kijana anapiga kwa nguvu kuliko baba yake alivyokuwa akipiga, na kwamba amefanya vizuri kutomwigiza.

Ozzy Osbourne alichagua kuaga mahali alipoanzia. Tarehe 5 Julai 2025, akiwa na ugonjwa wa Parkinson uliomfanya ashindwe kusimama, aliimba Birmingham akiwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha enzi, na wenzake watatu wa mwanzo wa Black Sabbath wakawa pamoja naye. Sauti ilikwenda na kurudi. Mikono yake iliyakamata makono ya kiti kana kwamba alitaka kunyanyuka, na umati ukawa unayamalizia maneno pale alipopungukiwa. Alifariki siku 17 baadaye, akiwa na miaka 76. Mimi naliona kuwa moja ya maonyesho makubwa kabisa ya roki, na sidhani kwamba huruma ndiyo inayonisemesha.

Kuna njia nyingine ambayo biashara ya muziki imeanza kuipenda. Tangu Mei 2022, watu wanaingia katika ukumbi uliojengwa mahususi jijini London kutazama picha za kidijitali za kundi la ABBA la Uswidi wakiwa na sura zao za ujana. Bendi ya roki ya KISS walipomaliza onyesho lao la mwisho New York, tarehe 2 Desemba 2023, walionyesha hapohapo sanamu zao za kidijitali zitakazoendelea bila wao. Mama hataki hata kuzitazama. Anasema wamekitoa kitu pekee kilichokuwa kikiendelea kutokea, yaani wakati, wakabakiza nguo na taa. Lakini Juni 2022, katika tamasha la Glastonbury huko Uingereza, Paul McCartney, wiki moja baada ya kutimiza miaka 80, aliimba wimbo mmoja pamoja na John Lennon, mwenzake wa Beatles aliyeuawa mwaka 1980, aliyeonekana kwenye skrini katika picha zilizopigwa Januari 1969, na hilo mama alilipenda mno, akanitumia video yake kwa simu usiku uleule. Nilimuuliza kwa nini anaikubali picha hii na kuzikataa zile. Alisema pale Glastonbury mmoja wa wale wawili alikuwa amezeeka.